Mgongo Unauma Wiki ya Tatu, Bado Unachuliwa? Maswali na Majibu kuhusu TB ya Uti wa Mgongo

TB ya uti wa mgongo ni nini?
Ni kifua kikuu kilichohamia kwenye pingili za mgongo. Bakteria huingia kwa njia ya hewa, husafiri na damu kutoka mapafuni na kutua kwenye pingili, mara nyingi zile za chini ya kifua na za kiunoni. Hapo huanza kuila pingili kwa upande wa mbele. Ikishalika hubonyea, na nyuma ya mgongo hutokeza kinundu. Hicho ndicho kibyongo ambacho watu husema mtu karogwa.

Mbona sikohoi?
Wagonjwa wengi wa TB ya mgongo hawakohoi kabisa, na picha ya kifua huweza kutoka safi. Angalia haya: maumivu ya mahali palepale yasiyokoma kwa wiki 3 au zaidi, yanayokuamsha usiku, homa za jioni, jasho la usiku, nguo kukupwaya. Wengine huota uvimbe kwenye kinena, laini, usio na joto. Huo huweza kuwa usaha ulioteremka kutoka mgongoni kwa kufuata msuli, lakini unachukuliwa kuwa ngiri au, vibaya zaidi, unatumbuliwa nyumbani kwa wembe.

Nilichuliwa kwa mafuta nikapata nafuu. Kuna ubaya gani?
Upo, tena mkubwa. Pingili iliyolika ni kama tofali lililoloa maji: ukiikandamiza kwa goti au kiwiko, inasagika. Vipande na usaha husukumwa nyuma, ulipo ugwe wa neva unaoendesha miguu, haja na mkojo. Nafuu uliyopata ni ya misuli iliyolegea. Ugonjwa uko palepale.

Na sindano za duka la dawa?
Diklofenaki hutuliza maumivu, haiui bakteria. Deksamethasoni hukufanya ujione umepona siku chache huku ikishusha kinga. Levofloksasini, antibiotiki, ya kujinunulia ni mtego mwingine: huwapunguza nguvu bakteria wa TB bila kuwamaliza, kisha kipimo kinaweza kutoka hasi na mgonjwa akarudi nyumbani na furaha ya bure. Kwa hiyo jibu ni lilelile: usichome, usichue, nenda ukapimwe.

Nisubiri mpaka lini?
Wiki 3, basi. Na ukiona mguu unakosa nguvu, ganzi sehemu unayokalia, au mkojo umegoma au unatoka wenyewe, usisubiri hata kesho. Hiyo ni dharura ya leo leo. Watu hufika miezi 6 baadaye wamebebwa kwenye shuka, wanaambiwa "mngewahi", na ni kweli wangewahi.

Hospitali watanipima nini?
Eksirei ya mgongo ni ya kuanzia, lakini isikutulize: mpaka ionyeshe kasoro, sehemu kubwa ya mfupa, theluthi hadi nusu, imekwisha kulika. MRI (picha ya mashine ya sumaku) huona mapema na huonyesha kama ugwe umebanwa. Damu hupimwa ESR (kasi ya chembe nyekundu kutuama, dalili ya uvimbe mwilini), ambayo hupanda mara nyingi ingawa peke yake haithibitishi TB, na VVU hupimwa pia. Uthibitisho hutoka kwenye usaha au kinyama kinachochukuliwa kwa sindano, kikapimwa kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria wa TB. Mashine hutoa jibu ndani ya saa 2 hivi na kuonyesha kama bakteria ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Hasi moja haifuti ugonjwa, kwa sababu bakteria mifupani ni wachache.

Vipi kama si TB?
Homa kali ya ghafla na maumivu yanayozidi siku hadi siku, hasa kwa mwenye kisukari, huashiria bakteria wa usaha. Damu ioteshwe maabara, ijulikane ni bakteria gani, kabla ya antibiotiki ya kwanza, kisha tiba huendelea wiki 6 au zaidi. Mfugaji au mnywaji wa maziwa mabichi amwambie daktari. Brusela, bakteria wa mifugo na maziwa mabichi, nayo hukaa mgongoni.

Dawa ni za muda gani?
Mwaka mzima. Miezi 2 dawa 4 (rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli), kisha miezi 10 rifampisini na isoniazidi. Kwenye kliniki za TB za serikali, Tanzania na Kenya, hulipii dawa. Mkojo wa rangi ya chungwa ni kawaida. Macho ya njano, kutapika mfululizo au kuona ukungu si kawaida: rudi kliniki siku hiyohiyo. Miguu ikichoma, sema upate vitamini B6.

Lazima nipasuliwe?
Wengi hupona kwa vidonge tu. Upasuaji ni kwa ugwe uliobanwa, mgongo usioshikilia, jipu kubwa, au kibyongo kinachozidi. Mtoto aendelee kufuatiliwa hata akimaliza dozi, maana mgongo huweza kupinda zaidi kadiri anavyokua.

Mwezi wa 3 maumivu yameisha. Niache?
Hapana. Maumivu huisha mapema sana kuliko bakteria. Ukiacha, wanaobaki hurudi wakiwa wagumu, na tiba ya TB sugu ni nzito zaidi.

Naweza kuchuliwa huku nameza dawa?
Hapana. Hata kidogo. Hata na bibi mwenye mikono laini.