Je, wajua kwa nini alama moja ya % huandikwa mara mbili katika ranger?

Ranger ni programu ya kusimamia faili ndani ya terminali (dirisha la kuandikia amri), iliyoandikwa kwa Python na kuanza kutengenezwa mwaka 2009. Ukiwa ndani yake kwenye Linux, jaribu kuuliza leo ni tarehe ngapi kwa amri hii (-w huifanya ranger isubiri ili usome jibu):

:shell -w date +%d

Badala ya tarehe, utaona kitu kama /home/asha/picha. Hakuna onyo lolote, kana kwamba mambo yako sawa. Imekuwaje?

Katika ranger, alama ya asilimia ikifuatwa na herufi fulani huwa makro, yaani kifupisho kinachobadilishwa kuwa kitu kingine kabla amri haijaendeshwa. %f ni faili ulilosimama juu yake, %s ni mafaili uliyoyachagua, %d ni njia ya folda uliyomo. Date, amri ya kuonyesha tarehe, nayo ina %d yake, ambayo ni siku ya mwezi. Ranger ndiye msomaji wa kwanza wa mstari wako, kwa hiyo date hupokea njia ya folda na kuichapisha kama ilivyo.

Stat, amri ya kuonyesha taarifa za faili ambayo kwake %s ni ukubwa, hupata mkasa uleule. Ukiandika stat -c %s %f ukitaka ukubwa wa faili, utarudishiwa jina la faili.

Wengi hapo hukimbilia alama za nukuu au mkwaju wa nyuma, kwa sababu ndivyo walivyozoea katika shell, yaani programu inayosoma na kuendesha amri, kama Bash. Havisaidii. Nukuu na mkwaju ni lugha ya shell, na shell hupokea mstari baada ya ranger kumaliza kazi yake. Kinga inayofanya kazi ni ile anayoielewa msomaji wa kwanza, nayo ni kuirudia alama:

:shell -w date +%%d
:shell -w stat -c %%s %f

Ranger huikuta %% na kuacha % moja tu, ambayo ndiyo date au stat huipata.

Kwa maoni yangu, mwongozo wa programu ukisema tu kwamba "%% ni %" haujamsaidia msomaji vya kutosha. Unapaswa kutaja nani anasoma kwanza, kisha uweke mfano mmoja ambapo makro na alama halisi zimo katika mstari uleule, kama huo wa stat. Kila programu ina desturi yake: katika mstari wa amri wa Vim (programu ya kuhariri maandishi), % ni jina la faili lililofunguliwa na hukingwa kwa \%, katika crontab (orodha ya amri zinazoendeshwa kwa ratiba), % isiyokingwa hugeuka kuwa mwisho wa mstari, na kinga yake pia ni \%. Aliyezoea huko atajaribu \% ndani ya ranger na kubaki akishangaa.

Kuna jambo jingine linalostahili nafasi katika mwongozo huohuo. Kwa amri ya shell, ranger yenyewe huyafungia majina ya mafaili nukuu, hivyo faili liitwalo "barua ya mkopo.pdf" hufika salama likiwa na nafasi zake. Andika %f ikiwa wazi. Ukiizungushia nukuu zako, zitagongana na zile za ranger, na programu itatafuta faili lisilokuwepo.