Kwenda Sleeping Bear Dunes kwa siku moja: maswali mnayouliza kuhusu afya

Kila kiangazi kikifika, watu wetu huku Michigan, hasa Grand Rapids ambako Wakongo na sisi wengine waongea Kiswahili tupo wengi, wanaanza kupanga safari ya siku moja kwenda Sleeping Bear Dunes, ile milima ya mchanga pembeni ya Ziwa Michigan karibu na mji mdogo wa Empire. Ni kuzuri mno. Ila mimi ni nesi, nimeshaenda na vikundi vya kanisani mara kadhaa, na kila mara kuna mtu anarudi kwenye gari akiwa hajiwezi, sasa nimeona niyajibu hapa kwa pamoja yale ninayoulizwa.

Dada, si ni mchanga tu? Sisi tumekulia milimani, kuna ugumu gani?

Ugumu ni mchanga wenyewe. Ukikanyaga mguu unazama halafu unateleza kurudi nyuma, kwahiyo hatua moja unaipiga kama mara mbili, na moyo unadunda kama unakimbia wakati unatembea polepole kabisa. Ile njia inayoanzia Dune Climb, yaani pale pa kupandia mchanga, kwenda mpaka ziwani na kurudi ni maili 3.5, yaani kilomita kama 5 na nusu, kwenye lami ungeimaliza kwa saa moja na kidogo lakini pale hesabu masaa 3 mpaka 4. Halafu kuna kitu kinawadanganya watu sana: unapaki gari, unaona mlima mmoja mkubwa wa mchanga mbele yako, unasema nikifika juu naliona ziwa. Ukifika juu, ukigeuka nyuma unaliona Glen Lake, ziwa dogo, zuri, lakini Ziwa Michigan bado kabisa, mbele kuna tuta jingine, na jingine, na jingine. Watu wengi wanajiachia kwenye ule mlima wa kwanza, nguvu zinaisha, maji yanaisha, na safari ndo kwanza inaanza.

Kwahiyo panga safari yako kwa hesabu ya kurudi. Maji yakifika nusu na ziwa bado hujaliona, geuza. Fuata zile nguzo za njia zenye rangi ya bluu juu, maana katikati ya mchanga kila upande unafanana.

Maji kiasi gani?

Kwenye joto, mtu mzima anayefanya kazi ngumu anywe kama kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 au 20, hiyo ni karibu lita moja kwa saa. Kwahiyo beba lita 3 kila mtu mzima, sio familia nzima. Njiani hakuna bomba wala kivuli, jaza kabla hujaanza kupanda. Usisubiri kiu, na pia usiyapige yote kwa mkupuo, maana maji mengi mno bila chumvi nayo ni hatari. Beba karanga za chumvi, au tengeneza ile ya nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja, isiwe na chumvi kuzidi machozi.

Mama yangu ana presha na sukari, aje au abaki?

Aje, lakini sio lazima apande mpaka ziwani. Kwanza aongee na daktari wake, hasa kama anameza zile dawa za presha zinazokojoza, maana zinamtoa maji mwilini wakati jua nalo linamtoa. Asiache dawa mwenyewe eti kwa sababu ya safari.

Mwenye sukari apime kabla ya kuanza na apime tena njiani, mfukoni awe na juisi au pipi, maana kupanda kule kunashusha sukari haraka. Insulini isiachwe kwenye gari lililofungwa juani, itaharibika. Na miguu, jamani, miguu! Mama mmoja tulienda naye alivua viatu saa saba mchana akasema mchanga ni laini, na kwa vile ganzi ilikuwa imeshamwingia nyayoni hakusikia kitu, jioni tunamkagua, nyayo zote zina malengelenge. Mchanga wa mchana unaunguza kama kikaango. Raba zilizofunika mguu, soksi, na ukifika nyumbani mkague vidole kimoja kimoja.

Mwanangu ana sikoseli, je?

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuishiwa maji, kuchoka sana na baridi ya ghafla, vyote vitatu vinaweza kuamsha maumivu ya sikoseli (selimundu), na safari hii inavyo vyote vitatu: mtoto anapanda anatoka jasho, anafika ziwani amechemka, anajirusha kwenye maji ambayo hata Julai yanaweza kuwa ya baridi kweli. Uliza kliniki yake kwanza. Wakikubali, chagua sehemu fupi, apumzike kila akitaka, anywe maji muda wote, na ziwani aloweshe miguu tu. Hata yule aliyerithi sikoseli kwa mzazi mmoja tu, ambaye siku zote ni mzima, asishindane mbio kupanda kwenye joto, misuli inaweza kuumia vibaya.

Nitajuaje jua limemzidi mtu?

Akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, simama hapo hapo, mfunike kivuli hata kwa kanga, mpe maji kidogo kidogo, halafu mrudi. Lakini akianza kuongea vitu visivyoeleweka, kuyumba kama mlevi, au kuzimia, hiyo ni dharura, awe anatoka jasho au hatoki. Piga 911, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, weka vitambaa vilivyolowa shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asiyejitambua usimnyweshe kitu. Simu kule inakamata kwa shida, kwahiyo msiachane njiani.

Na ndio, ngozi nyeusi nayo inaungua. Paka sanskrini, yale mafuta ya kukinga jua, vaa kofia.

Kuna pale juu watu wanashuka mpaka ziwani, tujaribu?

Hapana. Unazungumzia ile sehemu ya kutazamia ziwa kwenye barabara ya Pierce Stocking, ukuta wa mchanga wenye kimo cha futi 450, karibu mita 137. Kushuka ni dakika chache na vijana wanacheka, kupanda wanatambaa kwa mikono na magoti, inaweza kuchukua masaa mawili. Kibao cha onyo kipo. Wewe piga picha ukiwa juu, ulale salama.

Tuondoke saa ngapi?

Kutoka Grand Rapids ni mwendo wa masaa mawili na nusu hivi. Ondokeni saa 11 alfajiri, saa 2 asubuhi muwe mnapanda, saa 6 mchana muwe mmeshamaliza, nyama choma na ugali vije baadaye.

Tukirudi nyumbani?

Kagua kupe, hasa kama mlipita kwenye majani: nyuma ya masikio, kwenye nywele, kwapani, nyuma ya magoti. Kupe wa miguu myeusi wa huku analeta Lyme, ugonjwa wa bakteria, na yule mtoto wao ni mdogo hata kuliko mbegu ya ufuta. Ukimkuta amenasa, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kuzungusha, usimpake mafuta wala usimchome na kiberiti, kisha osha kwa sabuni. Kwa kawaida anahitaji kunyonya zaidi ya saa 24 ndipo aambukize, kwahiyo kukagua usiku huo huo kunasaidia kweli. Andika tarehe kwenye simu. Kati ya siku 3 na 30 ukiona homa, uchovu, au doa linalopanuka, ambalo kwenye ngozi yetu linaweza kuonekana kama mtu amevilia damu badala ya wekundu, nenda kwa daktari na umwambie ulikuwa Sleeping Bear.