Taa za tablo zikichezacheza kwenye pikapu, anza na masi

Taa za tablo (dashibodi) zikianza kuchezacheza, jibu la haraka la magaraji mengi hapa Goma ni kwamba alternateri imekufa. Mara nyingi haijafa. Pikapu inayopita kila siku kwenye mawe ya lava inalegeza vifungo vya nyaya kwanza, na masi, yaani waya na chuma cha gari vinavyorudisha umeme kwenye hasi ya batri, ndiyo inayotangulia. Kwa hiyo kabla ya kushuka Birere kutafuta alternateri ya okazyo (iliyotumika), washa taa usiku, moteri ikizunguka, uangalie ni nini kingine kinacheza pamoja na tablo.

Fare (taa kubwa za mbele) nazo zikififia na kurudi, kosa ni la umeme wa gari yote: batri, masi, mkanda au alternateri. Fare zikitulia na tablo peke yake ikicheza, achana na batri. Tafuta kwenye njia ya taa ndogo. Ikiwa ni balbu moja tu, kishikizo chake kimelegea: kizungushe, kitoe, safisha miguu yake ya shaba, rudisha. Lakini taa nyekundu ya oili ikimeta moteri ikiwa ralanti, yaani inazunguka polepole bila kukanyagwa, hiyo ni habari nyingine kabisa. Zima, pima oili, na usiguse nyaya kabla ya kujua presha ya oili iko sawa.

Sasa chukua multimetri. Batri nzima iliyopumzika inaonyesha volti 12.6; ikiwa 12.0, karibu imeisha. Moteri ikizunguka unataka 13.8 hadi 14.4. Washa fare na kipulizo, kanyaga mpaka mizunguko kama 2,000 kwa dakika: ikishuka chini ya 13, chaji haitoshi. Ikivuka 15, regileta (kidhibiti cha volti) imeharibika na itaunguza balbu. Land Cruiser kadhaa zilizotoka Japani ni za volti 24, kwa hizo zidisha kila namba ya hapa mara mbili.

Kipimo cha masi wengi wanakiruka, na ndicho kinachookoa pesa. Moteri ikizunguka na taa zote zikiwaka, weka mguu mweusi wa multimetri juu ya nguzo yenyewe ya hasi ya batri, si juu ya kibano chake. Mguu mwekundu uguse chuma kitupu cha moteri, halafu bodi karibu na tablo, halafu ganda la alternateri. Popote panapozidi volti 0.2, umeme unapata shida kurudi. Toa kibano cha hasi kwanza, fungua bolti ya masi, sugua rangi na kutu mpaka chuma king'ae pande zote mbili, kaza, kisha paka grisi juu. Grisi inakuja baada ya kukaza, si kabla. Kamba ya masi iliyovimba au kuwa ya kijani ndani itupwe. Ukinunua mpya, kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, mrudishie muuzaji.

Masi zikiwa safi na taa bado zinafifia kwenye ralanti, sasa mshuku alternateri. Mkanda kwanza: ukiusukuma kwa kidole gumba katikati ushuke kama milimita 10, na usiwe unang'aa. Halafu sharboni, vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ya alternateri. Kwenye alternateri nyingi za Toyota zinatoka milimita 10.5 zikiwa mpya, zikibaki 1.5 zimekwisha, na zinabadilishwa peke yake bila kununua alternateri nzima. Taa zikitetemeka haraka haraka, pima volti za AC kwenye batri: zaidi ya 0.5, kuna dayodi iliyokufa ndani ya alternateri. Multimetri za bei ndogo hudanganya hapa. Ijaribu moteri ikiwa imezimwa. Ikionyesha volti 20 na kitu za AC, haifai kwa kipimo hiki.

Njia ya taa ndogo ndiyo yenye vituko kwenye pikapu. Kwenye Hilux nyingi, fizibu (fyuzi) yenye maandishi TAIL inalisha tablo pamoja na taa ndogo za nyuma na ya plaki ya namba. Nyaya hizo zinapita kwenye shasi, chini ya bene ya mizigo, ndani ya matope na mawe, na kila aliyefunga taa za ziada amezikata na kuzizungushia skochi (utepe wa gundi). Kwa hiyo waya uliochubuka karibu na plaki unaweza kuichezesha tablo mbele.

Dalili moja ukiiona usitafute zaidi: taa zikiwa zimezimwa, unakanyaga breki, na tablo inawaka kidogo. Taa ya nyuma imepoteza masi. Ile balbu ya 21/5 W ina nyuzi mbili zinazotumia masi moja. Masi ikikatika, umeme wa breki unapita kwenye uzi wa taa ndogo na kurudi mpaka tablo. Vuta waya mpya kutoka kwenye taa hiyo mpaka bolti safi ya shasi, na kosa limeisha. Fizibu ikikatika kila mara usiweke ya ampea 20 mahali pa 10, wala waya mtupu. Utauchoma waya ndani ya bodi na kosa litabaki palepale.

Nyuma yote yakiwa sawa, zungusha kidude cha kupunguza mwanga mara kadhaa, mwanzo hadi mwisho. Taa zikirukaruka unapokizungusha, ndicho chenye kosa. Kipulize dawa ya kontakti au kibadilishe. Balbu za LED ulizoweka tabloni nazo huchezacheza kwa sababu kidude hicho kilitengenezewa balbu za kawaida. LED isiyowaka kabisa, igeuze: ina upande wake.

Kabla ya kufunga plastiki, washa taa na utikise fungu la nyaya chini ya usukani, sanduku la fizibu, kisha soketi ya nyuma ya tablo, moja moja. Ile inayoichezesha tablo ifungue na uangalie mguu ulioungua kuwa wa kahawia.