Krupp wa Essen: kabari ya feleji iliyofika Kondoa

Mizinga mizito ya Wajerumani iliyonguruma Kondoa Irangi Mei 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, haikuundwa kwa vita vya nchi kavu. Ilitoka kwenye manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, mafundi wakaiwekea magurudumu. Ukitaka kuielewa Krupp, kampuni ya Essen, Ujerumani, iliyoiunda, anza na mzinga huu. Yale madude ya sentimita 42 yanayojaza kurasa za vitabu yanaweza kusubiri.

Jina lake ni 10.5 cm SK L/40. Namba ya kwanza ni kipenyo cha tundu la mtutu. SK ni kifupisho cha Kijerumani cha mzinga unaopakiwa upesi. L/40 ni urefu: kipenyo mara 40, yaani mita 4.2. Angalizo moja hapa. Wajerumani walipima mtutu wote, kuanzia mdomoni hadi mwisho wa kitako, ilhali Waingereza walipima tundu peke yake. Ukilinganisha L/40 ya Mjerumani na ya Mwingereza bila kujua hilo, wa Mjerumani utauona mrefu kuliko ulivyo.

Friedrich Krupp alianzisha kiwanda cha kusubu feleji (chuma cha pua) mjini Essen mwaka 1811, akafa 1826 bila faida ya maana. Mwanawe Alfred alikirithi akiwa na miaka 14. Mzinga wake wa kwanza wa feleji aliutoa 1847, lakini majeshi yaliendelea kung'ang'ania shaba iliyochanganywa na bati, kwa kuwa walishaizoea. Kilichomweka mjini ni reli. Katika miaka ya 1850 alianza kuuza matairi ya chuma ya magurudumu ya treni yasiyo na kiungo, na ndiyo yale mapete matatu kwenye nembo ya kampuni. Wengi hudhani ni midomo ya mizinga. Sivyo.

Ugumu ulikuwa katika kumimina. Feleji iliyeyushwa katika vyungu vidogo vya udongo na grafiti, kila kimoja kikichukua makumi ya kilo tu. Kusubu pande la tani kadhaa kulihitaji vyungu vingi vifunguliwe kwa zamu, wanaume wawili wawili wakivibeba kwa koleo na kumimina bila kukatiza. Mkondo ukisita kidogo, feleji ya juu haishikani na ya chini iliyoanza kupoa. Unabaki mshono usioonekana kwa nje, na mtutu utapasukia hapohapo. Ndiyo maana baada ya kusubu pande hilo lilifuliwa kwa nyundo ya mvuke ili kubana mapovu. Nyundo iliyopewa jina Fritz, ya mwaka 1861, ilikuwa na kichwa cha tani 50.

Hata hivyo feleji nzuri haikutosha. Katika vita vya Prussia na Austria mwaka 1866, baadhi ya mizinga ya Krupp ililipukia kitakoni na kuua wapigaji wenyewe. Hapo ndipo penye udhaifu wa mzinga wowote unaopakiwa nyuma: mlango. Jibu la Krupp lilikuwa kabari, yaani pande la feleji linaloteleza kwa ubavu kufunga kitako. Kabari yenye mgongo bapa hukusanya mkazo kwenye kona za tundu lake, na nyufa huanzia hapo; ikipewa mgongo wa mviringo, mkazo husambaa. Kisha ganda la shaba ya manjano la risasi yenyewe hutanuka wakati wa mlipuko na kuziba njia ya gesi. Wafaransa na Waingereza walipenda mlango wa skrubu. Krupp alishikilia kabari na ganda hadi kwenye mizinga mikubwa ya meli, na mimi naona alikuwa sahihi, ijapokuwa shaba ilimgharimu.

Mengine nayataja kwa haraka: uwanja wa kuunda meli wa Germania mjini Kiel, mzinga wa sentimita 42 uliobomoa ngome za Liège mwaka 1914, ule wa 1918 uliopiga Paris kutoka zaidi ya kilomita 100. Mwaka 1999 kampuni iliungana na Thyssen.

Turudi Kondoa. Melini, mzinga huu hukaa juu ya nguzo iliyofungwa kwa bolti kwenye sitaha, na meli nzima humeza kishindo. Ukiupachika kwenye gari la magurudumu, ukipiga unarudi nyuma, magurudumu yanachimba, na shabaha inapotea. Lazima wapigaji wausogeze na kulenga upya kila mara. Mtutu peke yake una zaidi ya tani moja na nusu, kwa hiyo barabara za vumbi za wakati ule zilikuwa adui mwingine. Faida yake ilikuwa masafa: kombora la kilo 17 hivi lilifika kilomita 12 kwa mwinuko wa kutosha. Mzinga mmoja wapo wa Königsberg upo Fort Jesus, Mombasa. Nenda uangalie kitako chake, utaiona njia ya kabari.

Na kwa wanaookota chuma chakavu Kondoa na kwingineko: kombora la zamani lenye pete ya shaba nyekundu kiunoni na kichwa chembamba kilichofungwa kwa nyuzi za skrubu, msiligonge wala kulikata kwa gesi. Makombora mengi ya enzi ile yalijazwa asidi ya pikriki, ambayo ikikaa miaka mingi na shaba au madini ya risasi huunda chumvi zinazolipuka kwa msuguano mdogo tu. Kutu haijalipunguzia nguvu. Weka kijiti cha alama mbali kidogo, zuia watoto na mifugo, kisha mwite mtendaji wa kijiji au polisi.