Wafanyabiashara wa LGBTQ, matajiri wa kuzaliwa?

Wengi huamini kwamba watu wa LGBTQ, yaani wapenzi wa jinsia moja, wa jinsia zote mbili, waliobadili jinsia na wengine wa kundi hilo, wamejaliwa pesa na kipaji cha biashara. Dhana hii ilishika kasi Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, pale watafiti wa masoko walipowahoji wasomaji wa magazeti ya wapenzi wa jinsia moja. Wasomaji hao walikuwa na elimu na kipato cha juu, na magazeti yenyewe yalikuwa yakisaka matangazo. Hapo ungetegemea jibu gani?

Mwaka 1995 mwanauchumi M. V. Lee Badgett alitumia sampuli ya taifa zima. Wanaume wapenzi wa jinsia moja au wa jinsia zote mbili walikuwa wakipata asilimia 11 hadi 27 pungufu ya wanaume wengine wenye elimu, uzoefu na kazi kama zao.

Kwenye ujasiriamali kuna mtego mwingine. Aliyefungua duka kwa sababu amebaguliwa kazini huhesabiwa sawa na aliyeacha kazi nzuri kwa hiari yake. Tena sensa ya Marekani, tangu 1990, iliwanasa tu wenzi wa jinsia moja wanaoishi pamoja. Asiye na mwenzi, hata awe na kampuni tatu, hakuonekana humo.