Kusoma ingizo la kibodi: programu hupokea nini hasa?

Kusoma ingizo la kibodi ni pale programu inaposimama, ikamsubiri mtumiaji aandike kitu, kisha ikakichukua na kukihifadhi kwenye kigeu, yaani nafasi yenye jina ya kuwekea thamani. Python hutumia input(), C hutumia scanf, na katika Java wengi huanza na Scanner.

Jambo la kushika kwanza ni kwamba programu haipokei namba kutoka kwenye kibodi, inapokea herufi. Ukibonyeza 5, kinachoifikia programu ni alama yenye msimbo 53 katika jedwali la ASCII, linalopa kila herufi namba yake, si idadi tano. Ndiyo maana katika Python ukisoma 5 mara mbili kisha ukajumlisha, unapata 55: vipande viwili vya maandishi vimeunganishwa. Ukitaka 10, badilisha kwanza kwa int(input()). Hapo nako kuna mtego, kwani mtumiaji akiandika "tano" kwa maneno, int() hushindwa na programu hukatika kwa kosa la ValueError. Naamini kabisa kwamba try na except, amri za kukamata kosa ili programu isikatike, zinapaswa kufundishwa pamoja na input(), somo lilelile, kwa sababu mtumiaji ana haki ya kukosea na kuulizwa tena.

(Ukikutana na raw_input() kwenye maelezo ya zamani, hiyo ni Python 2. Huko input() ilitekeleza kile kilichoandikwa kana kwamba ni sehemu ya programu, jambo la hatari. Python 3, iliyotoka 2008, ilibadilisha hilo.)

Kitu kingine ni Enter. Kwa kawaida herufi hukaa kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda, hadi Enter ibonyezwe, na ndiyo sababu mtu anaweza kufuta alichokosea kabla programu haijakiona. Lakini Enter nayo huacha herufi yake, ya mstari mpya. Katika Java, nextInt() ya Scanner, inayosoma namba, huchukua tarakimu na kuiacha herufi hiyo palepale. nextLine() inayofuata, ambayo husoma mstari mzima, huikuta, hudhani mstari umekwisha, na kurudisha maandishi matupu. Mtumiaji aliyejaza umri huona swali la jina limerukwa, na mwanafunzi hutafuta kosa mahali lisipokuwapo. Njia ninayoipendekeza ni kusoma kila mstari mzima kwa nextLine(), kisha kugeuza kwa Integer.parseInt(). Katika C, %c (ya kusoma herufi moja) ikifuata %d (ya kusoma namba) hukumbwa na hali hiyohiyo. Nafasi moja kabla ya %c ndani ya scanf huiruka herufi iliyobaki.