Kabla hujalipia IVF jua kwanza tatizo liko wapi, na daktari wa uzazi unamchaguaje

Hapa kitengoni kwetu swali tunaloulizwa kuliko yote ni "dokta, IVF inagharimu kiasi gani", yani ile ya kukutanisha yai na mbegu maabara halafu kurudisha kizazini, na mara nyingi anayeuliza ni mama aliyehangaika kwa miaka, kapiga altrasaundi mpaka kachoka, kapima homoni zote, kameza vidonge vya kupevusha mayai mwezi baada ya mwezi, halafu ukimuuliza mume wako alishapima mbegu anakujibu hapana, yeye yuko fiti. Hapo ndo huwa naumia. Karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto kuna shida upande wa mwanaume, iwe ya kwake peke yake au iko pande zote mbili, na kipimo chake hakina sindano wala maumivu na majibu yanatoka haraka. Kwahiyo mama anatibiwa miaka mitatu kwa kitu ambacho pengine hana.

Kwahiyo nikiulizwa daktari mzuri wa uzazi anatambulikaje, mimi naanzia hapo hapo. Angalia anaanza na nini. Anayetafuta chanzo kwanza, tena kwa wote wawili, huyo kaa naye. Anayekuandikia dawa siku ya kwanza bila kumuuliza mwenzako chochote, au kakupa kifurushi cha IVF kabla hajajua mirija yako ikoje, huyo muulize maswali mengi kabla hujatoa hela.

Kwanza lini uende. Shirika la Afya Duniani linahesabu ugumba pale mnapokutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na mimba haijaingia, na ripoti yao ya 2023 ilisema mtu 1 kati ya 6 anapitia hali hii wakati fulani maishani, yani hamko peke yenu hata kidogo. Kukutana mara kwa mara maana yake kila baada ya siku mbili tatu, sio mume anarudi mara moja kwa mwezi halafu mnahesabu mwaka. Ukiwa umefika miaka 35 usisubiri mwaka, miezi 6 inatosha, ukifika 40 nenda tu sasa hivi. Na wale ambao period inakuja baada ya miezi miwili mitatu, au aliwahi kupata PID, yani maambukizi ya kizazi na mirija, au mimba ilitunga nje ya kizazi, au mwanaume alifanyiwa upasuaji wa korodani au alipata dawa za saratani, hao wasisubiri chochote.

Sasa nani ni bingwa wa uzazi. Daktari wa magonjwa ya wanawake anazalisha, anatoa uvimbe, anatibu mambo mengi na anaweza kabisa kuanza uchunguzi wako, lakini matibabu ya ugumba yana mafunzo yake ya ziada, na mtu aliyesoma hayo hataona shida ukimuuliza kasomea wapi na kasajiliwa na baraza gani la madaktari. Muulize. Upande wa mwanaume kuna daktari wa mfumo wa mkojo na uzazi wa kiume, kliniki nzuri inafanya kazi naye. Halafu kuna mtu mmoja ambaye wagonjwa hawamuulizii kabisa na ndo ameshika kila kitu, mtaalamu wa maabara anayekutanisha mbegu na yai na kulea viinitete, yani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, maana daktari anaweza kuwa na jina kubwa lakini maabara ikiwa dhaifu mayai yako yanapotelea humo. Uliza yuko hapo muda wote au anakuja siku moja moja, uliza umeme ukikatika inakuwaje.

Vipimo vya msingi ni vitatu tu na vinajibu maswali matatu: yai linapevuka, njia iko wazi, mbegu zipo za kutosha. Yai kupevuka unaanza kujua kwenye mzunguko wenyewe, period ikija kwa mpangilio kila siku 26 mpaka 32 hivi mara nyingi yai linatoka, na kuthibitisha kuna kipimo cha homoni ya projesteroni kinachochukuliwa siku 7 kabla ya period kuja. Watu wengi wanapimwa siku ya 21 hata kama mzunguko wao ni wa siku 35, halafu wanaambiwa mayai hayapevuki, kumbe siku tu haikuwa sahihi. Kuna na AMH, kipimo cha homoni kwenye damu, ambayo siku hizi kila mtu anaikimbilia, ile inaonyesha akiba ya mayai ni kubwa au ndogo na inasaidia kupanga dozi za IVF, haisemi mayai ni mazima wala haisemi huwezi kushika mimba mwenyewe. Nimeona wadada wamelia kwa namba hiyo tu wakati period zao ziko sawa na umri bado uko upande wao.

Njia kuwa wazi ni mirija. Hapa kuna HSG, ile picha ambayo dawa inapitishwa kwenye mlango wa kizazi huku eksirei inaangalia inavyopita, inauma kidogo kama tumbo la period, unaweza kuomba dawa ya maumivu kabla. Mirija inaharibiwa zaidi na maambukizi, klamidia na kisonono ambazo wanawake wengi hawazihisi, maambukizi baada ya kujifungua au mimba kutoka, kifua kikuu kilichoshuka kwenye kizazi, na pia endometriosis, yani tishu kama ya ndani ya kizazi kuota nje yake. Kovu likishajijenga ndani ya mrija hakuna unga wala chai wala kidonge cha kumeza kinacholiondoa, naomba hili lisikike maana kuna watu wanauziwa "dawa za kuzibua mirija" mtandaoni kila siku na wakati wanazinywa umri unaenda.

Na mbegu. Mwanaume akae siku 2 mpaka 7 bila kumwaga, sampuli yote iingie kwenye kikopo, ifike maabara ndani ya saa moja. Mwongozo wa WHO wa 2021 unaweka mstari wa chini kwenye mbegu milioni 16 kwa mililita na asilimia 42 ziwe zinatembea, ila kuwa chini ya hapo sio hukumu, na kipimo kimoja kibaya kinarudiwa, vizuri zaidi baada ya kama miezi mitatu kwasababu mbegu inachukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kwahiyo homa kali ya mwezi uliopita inaonekana leo. Hata ikitoka sifuri kabisa bado kuna cha kufanya, wengine njia imeziba tu na mbegu ziko nyingi ndani ya korodani zinaweza kuchukuliwa huko huko. Vijana wa jim nawaambia hili kwa upendo, sindano za testosteroni zinazima utengenezaji wa mbegu, usichome bila daktari kama unataka mtoto, na kama unachoma sema ukweli kliniki maana mara nyingi zinarudi ukiacha ila inachukua miezi.

Ukishajua chanzo ndo matibabu yanakuwa na maana. Kama shida ni yai kutopevuka, mfano PCOS, ile hali ya homoni kuvurugika na mayai kutopevuka kwa mpangilio, siku hizi dawa ya kwanza ni letrozole, inafanya vizuri kuliko ile clomiphene ya zamani, na uzito ukiwa mkubwa hata kupungua kidogo kunaweza kurudisha mzunguko. Lakini dawa hizi zinataka kufuatiliwa kwa altrasaundi, angalau mwanzoni, kuona yai limekua moja au yamekua manne, sio kupewa paketi ya miezi sita uende nazo nyumbani. Na kama mirija imeziba pande zote au mume mbegu hana, vidonge hivi havina kazi.

IUI, kuweka mbegu zilizosafishwa ndani ya kizazi, ni rahisi kuliko IVF ila lazima mirija iwe wazi na mbegu ziwe zinaridhisha. Uvimbe wa kizazi nao sio wote unaozuia mimba, ule unaoingia ndani kwenye nafasi ya mtoto ndo wa kutolewa, mdogo ulio ukutani kwa nje mara nyingi unaachwa.

IVF yenyewe ilianza kuzaa matunda Julai 1978 Uingereza alipozaliwa Louise Brown, na Robert Edwards aliyeifanyia kazi akapewa Nobel 2010. Unachomwa sindano za homoni kama siku 10 hivi ili mayai mengi yakue, yanatolewa ukiwa umepewa dawa ya usingizi, yanakutanishwa na mbegu maabara, kiinitete kinarudishwa kizazini siku ya 3 au ya 5. Mbegu zikiwa dhaifu sana inatumika ICSI, mbegu moja inaingizwa kwenye yai kwa sindano, ilianza 1992. Kama mrija umejaa maji lazima ushughulikiwe kabla, utolewe au ubanwe, maana yale maji yanapunguza sana nafasi ya mimba kushika. Daktari asipokwambia hilo na picha yako inaonyesha, muulize wewe.

Kuhusu mafanikio kuwa makini mno. Kliniki ikikwambia asilimia 70, uliza asilimia 70 ya nini. Kipimo cha mimba kuwa chanya sio mtoto mkononi. Uliza hivi: wanawake wa umri wangu, wanaotumia mayai yao wenyewe, wangapi walizaa mtoto hai. Takwimu za Uingereza za miaka ya karibuni zinaonyesha chini ya miaka 35 kila kiinitete kinachopandikizwa kinaleta mtoto karibu mara 1 kati ya 3, ukifika 43 au 44 inashuka mpaka karibu 5 kati ya 100. Atakayekupa uhakika wa asilimia mia anakudanganya.

Kuwa mwangalifu pia na vitu vya ziada unavyouziwa juu ya IVF. Kukwangua ukuta wa kizazi kabla ya kupandikiza kuliuzwa sana, utafiti mkubwa uliochapishwa 2019 haukuona faida yoyote. Na usishawishike kupandikiza viinitete vitatu ili upate haraka, mapacha watatu ni hatari kwa mama na wengi wanazaliwa njiti. Baada ya sindano tumbo likivimba sana, ukapumua kwa shida au mkojo ukapungua, piga simu kliniki usiku huo huo, kwahiyo kabla ya kuanza hakikisha una namba inayopokelewa usiku.

Jambo la mwisho ambalo wengi hawaliulizi ni fomu ya viinitete vitakavyobaki: vitahifadhiwa miaka mingapi, malipo ya kuhifadhi kwa mwaka ni kiasi gani, mkiachana au mmoja akifariki nani anaamua. Omba fomu hiyo mapema mkaisome nyumbani wote wawili kabla ya sindano ya kwanza, maana siku ya kutoa mayai umepewa dawa ya usingizi na mwenzako ana presha, sio siku ya kusaini kitu kama hicho.